Mekatilili wa Menza: Mjane wa Kigiriama aliyeitikisa serikali ya Waingereza

UKIINGIA Laini Saba kutoka upande wa reli, si rahisi kuamini kwamba mtaa huu wa mabati na udongo, ulio na msongamano wa watu na vibanda vya biashara, ulianza kama ardhi ya wanajeshi. Wakazi wa siku nyingi husimulia kwamba hata jina lenyewe latokana na laini za shabaha, pale askari walipokuwa wakifunzwa kulenga bunduki.

Kibera, ambayo Wanubi waliiita Kibra, yaani msitu, ilipewa askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Wazee wetu walilijua jeshi hilo kwa jina la Keya. Mnamo 1918, serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 za eneo hilo kuwa hifadhi ya kijeshi. Hayo yalikuwa malipo ya utumishi, ingawa hayakuandamana na hatimiliki.

Upande wa pili wa jiji kuna Kariakor. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi, vijana wa Kiafrika waliobebeshwa risasi, vyakula na majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu.

Hivyo basi, Nairobi ina kumbukumbu ya askari na ina kumbukumbu ya mpagazi. Katikati ya jiji, kwenye barabara ya Kenyatta, wote wawili wamesimamishwa kwa shaba tangu miaka ya 1920. Kuna kundi la tatu, hata hivyo, ambalo vita hivyo viligusa maisha yake kwa ukali usio mdogo, nalo ni la wale waliokataa kutumika. Aliyekuwa sauti ya kundi hilo katika pwani ya Kenya hakuwa askari wala mpagazi. Alikuwa mjane wa makamo, mama wa watoto, asiyejua kusoma wala kuandika, na aliyeishi mamia ya kilomita kutoka Nairobi. Jina lake ni Mekatilili wa Menza.

Binti wa pekee

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, sehemu za Ganze, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mnyazi. Kulingana na mila za Wagiriama, mwanamke akishajifungua huitwa kwa jina la mtoto wake, na kwa hivyo Mnyazi akawa Mekatilili, yaani mama yake Katilili.

Simulizi za jamaa zake zasema kuwa alikuwa binti wa pekee miongoni mwa watoto watano. Zaongeza kwamba mmoja wa ndugu zake, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa utumwa sokoni na hakuonekana tena. Biashara hiyo ilikuwa bado yaendelea pwani alipokuwa msichana. Ni dhahiri kwamba mtu aliyekulia katika nyumba iliyopoteza mwana namna hiyo hangehitaji kufafanuliwa maana ya vijana kuchukuliwa na wageni na kupelekwa kusikojulikana.

Aliolewa Lango Baya, karibu na Mto Sabaki, akazaa watoto, kisha akafiwa na mumewe. Ujane wake, ambao kwa jamii nyingine ungemnyamazisha, kwa Wagiriama ulimpa nafasi. Mwanamke wa umri wake asiyekuwa chini ya mume aliweza kusimama mbele ya wazee na kusikizwa. Nafasi hiyo ndiyo aliyoitumia wakati ulipofika.

Wagiriama ni jamii kubwa zaidi kati ya jamii tisa za Mijikenda. Makao yao ya asili yalikuwa Kaya Fungo, kijiji kilichozungukwa na msitu mtakatifu, ambamo viapo viliapwa, mvua iliombwa na migogoro ikaamuliwa na baraza la wazee lililoitwa kambi. Kufikia mwisho wa karne ya 19, wengi walikuwa wameihama kaya na kutawanyika kuelekea kaskazini hadi ng'ambo ya Sabaki, wakitafuta mashamba mapya. Hata hivyo, kaya ilibaki kuwa kitovu chao, mfano wa nyumba ya wazazi ambayo watoto wameondoka lakini bado wanaiita nyumbani.

Hawakuwa maskini. Mahindi na mtama wao ulilisha miji ya Malindi na Takaungu, na wafanyabiashara wao walisafirisha pembe za ndovu kutoka bara. Hawakuwa na mfalme wala chifu mkuu. Jambo hilo liliwasumbua sana Waingereza, ambao walizoea kutafuta mtu mmoja wa kumwamrisha ili wengine wote watii.

Kwa nini Waingereza waliwataka vijana

Ili kuuelewa ugomvi uliofuata, yafaa kutazama uchumi wa pwani wakati huo. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mnamo 1907. Mashamba makubwa yaliyokuwa yakilimwa na watumwa yakakosa wafanyakazi. Wakati uo huo, bei ya mpira ilipanda duniani, na walowezi wa Kizungu wakafungua mashamba ya mpira na pamba katika sehemu za Malindi na Magarini. Mombasa nayo ilihitaji vibarua wa bandari na ujenzi.

Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila aliyedai kumiliki shamba katika ukanda ule alitakiwa kuwasilisha dai lake mbele ya maofisa ili aandikishwe. Waarabu, Waswahili na kampuni za Kizungu walinufaika. Wagiriama, ambao ardhi yao ilitawaliwa na mila wala si karatasi, walijikuta wakihesabiwa kama wageni katika sehemu walizolima.

Serikali ikajiuliza itawapataje Wagiriama wakafanye kazi ya ujira ilhali wana nafaka ya kutosha na hawana haja ya kuajiriwa. Jibu lake lilikuwa kodi. Kila nyumba ilitozwa rupia tatu, na asiyekuwa na pesa ilimlazimu akazitafute shambani mwa mlowezi. Aidha, biashara ya pembe ilipigwa marufuku na unywaji wa tembo la mnazi ukawekewa vikwazo. Milango yote ambayo Mgiriama angeipitia kupata pesa bila ya kuajiriwa ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1912, kijana Mwingereza aitwaye Arthur Champion aliteuliwa kuwa naibu mkuu wa wilaya kwa ajili ya Ugiriama. Mkubwa wake alikuwa Charles Hobley, mkuu wa mkoa aliyekuwa Mombasa. Champion alipewa kazi tatu: kukusanya kodi, kuteua wazee wa vijiji watakaotii serikali, na kutoa vijana wa kufanya kazi. Alikuwa mtu mwenye bidii, na alijifunza mengi kuhusu desturi za watu hao hata akaziandikia kitabu. Lakini kujua desturi za watu si sawa na kuziheshimu, na yale aliyotumwa kufanya hayakuwezekana bila ya kuzivunja.

Kifudu na kiapo

Ilipofika katikati ya mwaka 1913, Mekatilili alianza kutembea kutoka kijiji hadi kijiji. Hakubeba silaha. Alichobeba ni ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga iliyochezwa kuwakumbuka wafu. Watu walikusanyika kwa sababu hakuna aliyeweza kukataa wito wa kifudu, na walipokwisha kukusanyika, aliwahutubia.

Hapo ndipo palipokuwa na werevu wake. Mkutano wa siasa ungevunjwa na askari, lakini ngoma ya maombolezo ilikuwa jambo la kawaida ambalo mtawala hangelishuku kwa haraka. Isitoshe, ngoma hiyo ilibeba ujumbe wenyewe. Kuicheza nje ya matanga kulikuwa ni kuwaambia watu kwamba kuna msiba mkubwa unaoinyemelea jamii nzima.

Hoja zake zilikuwa za watu wa kawaida. Aliuliza ni kwa nini vijana wapelekwe mbali ilhali mashamba yao yanawahitaji. Aliuliza ni nani atakayewarithi wazee iwapo wana hawatarudi. Aliwalaumu wazee waliokubali kuteuliwa na serikali, akidai kuwa wameuza mamlaka ya kambi kwa ujira mdogo. Pia aliwakumbusha watu utabiri wa Mepoho, nabii wa kike wa zamani anayesimuliwa na Wagiriama, aliyesema kwamba watakuja wageni wenye nywele kama katani na kwamba ujio wao utaleta uharibifu wa mila na vijana kutowatii wakubwa.

Pamoja naye alikuwepo Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyeheshimiwa. Wawili hao waliitisha mkutano mkubwa katika Kaya Fungo. Huko wanawake waliapishwa kiapo cha mukushekushe na wanaume wakaapishwa kiapo cha fisi, kiapo kizito kuliko vyote walivyokuwa navyo. Waliapa kutolipa kodi, kutotoa vibarua na kutoshirikiana na wazee wa serikali. Kwa Mgiriama wa wakati ule, kuvunja kiapo cha fisi kulikuwa ni kujitakia kifo.

Matokeo yalionekana mara moja. Kazi ya Champion ilikwama. Wazee aliowateua walinyamaza au wakajificha, kodi haikuletwa, na vijana hawakutokea. Serikali ilikuwa na bunduki na magereza, lakini haikuwa na namna ya kukitangua kiapo ambacho chenyewe haikukielewa.

Kuku na vifaranga

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu Mekatilili ni cha mkutano wa Agosti 1913 ambapo Champion alikuja kuwaeleza Wagiriama matakwa ya serikali. Yasemekana kuwa Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akamtaka ofisa huyo achukue kifaranga kimoja. Champion alipojaribu, kuku akamdonoa kwa ghadhabu. Mekatilili akamwonyesha kwamba hivyo ndivyo akina mama wa Kigiriama watakavyofanya iwapo atawagusa wana wao. Masimulizi mengine yaongeza kuwa ofisa huyo alimpiga kuku risasi, na kwamba Mekatilili akamzaba kofi mbele ya umati.

Kisa hicho kimetufikia kwa njia ya mdomo na kila kijiji kina namna yake ya kukisimulia. Bila shaka kimedumu kwa sababu kinaeleza kwa mfano mmoja yale ambayo taarifa za serikali zilihitaji kurasa nyingi kuyaeleza. Mekatilili hakujadili haki za kikatiba wala uchumi wa ukoloni. Alizungumza lugha ambayo kila mwenye kufuga kuku aliielewa.

Tarehe 17 Oktoba 1913, Mekatilili na Wanje walitiwa mbaroni. Serikali iliamua kuwahamishia Kisii, magharibi mwa nchi, wakae huko miaka mitano. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mwanamke mzee akipelekwa mbali na watu wake, katika nchi asiyoijua lugha yake, vuguvugu lote litazimika. Mnamo Desemba mwaka huo, Kaya Fungo nayo ikafungwa kwa amri, na wazee wakalazimishwa kufanya sherehe ya kukitangua kiapo.

Safari ya kurudi

Hesabu hiyo haikutimia. Tarehe 14 Januari 1914, Mekatilili na Wanje waliponyoka. Walianza safari ya kurudi pwani, safari ya mamia ya kilomita, wakipita mabonde, nyika na misitu iliyokuwa na wanyama wakali, katika nchi za watu wasiowajua. Hakuna ramani waliyokuwa nayo, na wasafiri wenyewe hawakuwa vijana.

Walifika. Jambo hilo peke yake liliongeza hadhi ya Mekatilili kuliko hotuba zote alizowahi kutoa. Kwa Wagiriama, mwanamke aliyetupwa mwisho wa dunia na akarudi kwa miguu yake alikuwa ni uthibitisho kwamba serikali haiwezi kila kitu. Upinzani ulipata nguvu mpya, na viapo vikaanza kurudiwa.

Katika miezi hiyo, serikali ilikuwa ikipanga hatua kubwa zaidi. Ilitaka kuwaondoa Wagiriama wote waliokuwa wakiishi kaskazini mwa Sabaki, kwenye mashamba yenye rutuba kuliko yote waliyokuwa nayo. Lengo lilikuwa kuwasukuma kusini kwenye ardhi kame, ambako wangelazimika kutafuta kazi ili waishi. Mtu akiangalia mpango huo kwa makini ataona kwamba suala la vibarua na suala la ardhi lilikuwa ni suala moja tu.

Vita viwili katika mwezi mmoja

Mwezi wa Agosti 1914 ndio uliounganisha historia ya Ugiriama na ya dunia. Tarehe 4, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Siku iyo hiyo, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti na miti yake na malango yake yakateketezwa. Siku tatu baadaye, tarehe 7, Mekatilili na Wanje walikamatwa kwa mara ya pili na kuondolewa tena Ugiriama.

Si vigumu kutambua jinsi Wagiriama walivyoyasoma mambo hayo. Mahali pao patakatifu palikuwa pameharibiwa, viongozi wao walikuwa wamechukuliwa, na sasa serikali ilihitaji wapagazi kwa haraka kuliko wakati wowote, kwa kuwa Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka na kuiteka Taveta tarehe 15. Kile ambacho mama huyo alikuwa amewaonya kwa mwaka mzima, kwamba vijana watachukuliwa na hawatarudi, kilikuwa sasa kimepata umbo lililo wazi.

Katikati ya mwezi huo mapigano yalizuka. Askari waliotumwa vijijini kuwatafuta vijana walishambuliwa, na kambi ya Champion yenyewe ikazingirwa. Nyumba zilianza kuchomwa. Wagiriama walipigana kwa pinde na mishale yenye sumu, silaha zilizowafaa katika uwindaji wa ndovu. Serikali ilileta wanajeshi wa Keya, ambao wangekuwa njiani kuelekea mpaka wa Ujerumani, wakaja na bunduki za kisasa.

Matokeo hayakuwa na shaka. Kufikia mwishoni mwa Septemba, Wagiriama wapatao 150 walikuwa wameuawa, nyumba zipatazo 5,000 zilikuwa zimechomwa, na maelfu ya mbuzi yalikuwa yametwaliwa. Masharti ya amani yalikuwa makali. Wagiriama walitakiwa kulipa faini ya rupia 100,000, kutoa vijana 1,000 wawe wapagazi, kusalimisha silaha na kuhama kabisa kaskazini mwa Sabaki.

Kwa hivyo wale waliokataa kutumika katika vita wakaadhibiwa kwa kutumikishwa katika vita. Mekatilili hakuwepo kuyashuhudia hayo. Alikuwa uhamishoni, na mashujaa wanaosimuliwa katika vitabu kwamba walishinda kila walipoinua mkono hawafanani naye. Alishindwa katika mengi. Ardhi ya ng'ambo ya mto ilipotea, kaya ikabomolewa, na vijana wakachukuliwa.

Ushindi uliochelewa

Pamoja na hayo, serikali nayo haikupata ilichokitaka. Kuwahamisha Wagiriama kuelekea kusini kulileta njaa, na njaa hiyo ikakumba hata miji ya pwani iliyokuwa ikitegemea nafaka yao. Mashamba ya mpira hayakupata vibarua waliotarajiwa, na bei ya mpira wenyewe ilikuwa imeporomoka. Maofisa wa serikali walianza kukiri miongoni mwao kwamba operesheni ile ilikuwa na makosa.

Uchunguzi uliofanywa miaka michache baadaye ulipelekea Wagiriama kuruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki. Kaya Fungo nayo ikaruhusiwa kufunguliwa tena. Mnamo 1919, Mekatilili na Wanje walirudi nyumbani, wakaishi ndani ya kaya wakiwa viongozi, Wanje akiongoza baraza la wanaume na Mekatilili baraza la wanawake.

Yafaa tusimame hapo kidogo. Serikali iliyomhamisha mara mbili ilikubali hatimaye kwamba hakuna njia ya kuwatawala Wagiriama bila ya kaya yao, na kwamba kaya haikuwa na maana bila ya watu kama yeye. Hakupewa nishani wala malipo. Alipewa ruhusa ya kuishi alikokuwa akiishi, jambo ambalo lilikuwa haki yake tangu mwanzo.

Mekatilili alifariki mwaka 1924 na kuzikwa Bungale, katika sehemu za Magarini, kaskazini mwa Sabaki. Kaburi lake liko katika ile ardhi ambayo serikali ilikuwa imeapa kuwa Mgiriama hataikanyaga tena.

Kumbukumbu na deni

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, jina lake halikupewa uzito katika historia rasmi ya taifa. Vitabu vya shule viliwataja zaidi wanaume na vilijikita katika mapambano ya miaka ya 1950. Pwani hawakumsahau. Alisimuliwa majumbani na kuimbwa katika ngoma, na watafiti wa vyuo vikuu walipoanza kuyaandika mambo ya mwaka 1914 kwa kina, walikuta kwamba wazee wa Ugiriama walikuwa wameyahifadhi kwa utaratibu.

Katika miaka ya karibuni heshima imeongezeka. Sanamu yake imesimamishwa mjini Malindi, na kila Agosti wazee na vijana wa Mijikenda hukusanyika kumkumbuka. Mnamo 2008, misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya Unesco. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa, ili wasitajwe wachache tu kwa niaba ya wote.

Hata hivyo, sanamu ni rahisi kuliko hati ya shamba. Chanzo cha ugomvi wa Mekatilili na Waingereza kilikuwa ardhi na jasho la vijana. Ile sheria ya mwaka 1908 iliacha maelfu ya familia za Mijikenda zikiitwa maskwota katika mashamba ambayo babu zao waliyalima, na madai yaliyotokana nayo yameendelea kuzisumbua serikali zilizofuatana tangu 1963.

Na hapa ndipo hadithi ya mwanamke huyo inapowafikia watu wa Laini Saba. Babu wa Wanubi aliitumikia serikali kwa bunduki kwa uaminifu, akapewa ekari 4,197 bila ya karatasi. Wajukuu wake walisubiri hadi mwaka 2017 kukabidhiwa hatimiliki ya jamii, nayo ilikuwa ya ekari 288. Wakenya wa jamii nyingine waliofika baadaye na kujenga Kibera wakitafuta riziki waliishi humo vizazi kadhaa wakihesabiwa kuwa hawana haki ya ardhi waliyoikalia. Mgiriama naye aliikataa serikali hiyo kwa kiapo na mshale, na akaachwa vivyo hivyo, akilima shamba ambalo kwa mujibu wa sheria halikuwa lake.

Aliyetii na aliyekataa walifikia mlango mmoja. Jambo hilo halipunguzi thamani ya kukataa kwa Mekatilili, wala halimwongezei lawama askari wa Keya, ambaye mara nyingi hakuwa na hiari kubwa kuliko mpagazi. Linaonyesha tu kwamba serikali ya wakati ule haikumwona Mwafrika yeyote kuwa mwenye ardhi, hata awe rafiki au adui. Huyo mama wa Lango Baya, asiyejua kusoma, aliliona hilo mapema kuliko wengi waliosoma, akatembea kijiji kwa kijiji kuwaambia wenzake kabla mambo hayajaharibika.

Wapagazi wana Kariakor. Askari wana Kibera na sanamu ya shaba. Mekatilili ana kaburi Bungale, msitu wa kaya uliochipuka tena baada ya baruti, na watu wanaoendelea kulitaja jina lake zaidi ya miaka 100 tangu serikali ilipomfunga ili asahaulike. Kilichobaki ni kwa wale walio na mamlaka sasa kumaliza suala alilolianzisha, la nani ni mwenye shamba, ili maua yanayowekwa chini ya sanamu yake kila Agosti yasiwe ndiyo malipo pekee.